Paskalia Limi Maganga na Sanduku la Doti Moja (1926–1986)

Ndugu waombolezaji, yatakayosomwa hapa yamehakikiwa na familia. Yasiyosomwa mmeshayasikia mitaani, na mengi si kweli.

Marehemu Paskalia Limi Maganga alizaliwa Masumbwe tarehe 14 Machi 1926, mtoto wa kwanza wa Mzee Maganga na Bibi Tabu. Alizaliwa mchana kweupe, ndiyo maana akaitwa Limi, yaani jua. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1941 ng'ombe wa ada walipokwisha. Alichotoka nacho ni kushona, na tabia ya kutojibu swali ambalo hajaliona mwisho wake.

Mwaka 1947 alifunga ndoa na marehemu Donatus Mabula, dereva wa lori la tumbaku la kutoka Ushetu. Walihamia Kagongwa, na mwaka 1949 Paskalia akaweka cherehani kwenye baraza la duka. Kazi yake ilikuwa kukata doti za kanga na kuzipiga pindo. Kushona alijua. Kukata, miaka ya baadaye watu walimcheka: mkasi wake ulikwenda kama nyoka. "Mama Justa, mkasi wako umelewa?" wateja walimuuliza. Naye alijibu, "Umelewa, lakini nyumbani unafika." Fundi anayechekwa kila siku na habadiliki, ana sababu yake.

Sababu ilianza mwaka 1962. Mwanamke mmoja aliyekuwa akitoka machimbo ya Geita alifia nyumba ya wageni. Hakuna aliyejua ukoo wake wala dini yake, na hakuna aliyejitokeza kumwosha hadi jua likazama. Bi. Mwanaima binti Bashiri, mfanyabiashara wa hapa mjini, ndiye aliyemwosha, na Paskalia akamshikia maji. Wakatoka pale na chama. Wakakiita Doti Moja. Waislamu waliingia, Wakristo waliingia, na wa mizimu pia.

Kumbukumbu za chama hicho hazikuandikwa, kwa kuwa wanachama wengi walikuwa wamekatazwa na waume zao. Kila aliyeingia alileta doti mpya. Paskalia aliikata kwa mkato wake wa nyoka, ambao haukufanana na mwingine, na upande wa mkato haukupigwa pindo. Kanga moja aliichukua mwanachama mwenyewe. Ya pili iliingia sandukuni, chini ya meza ya Paskalia. Mwenyewe akifa, wenzake walizikutanisha, wakazishona pamoja na kumfunika nazo. Mkato ukikubali, huyo ni wetu, azikwe na dada zake. Kiapo kilikuwa kimoja: jina la mwenzako halitoki kinywani.

Mji mzima ulilishuku sanduku hilo, ingawa haukujua linakaa wapi. Hata Donatus, Mungu amrehemu, alilifungua siku moja akidhani ataona fedha za mwanamume mwingine. Alipoona kanga tupu alikuna kichwa. "Sasa humu ndani nani ameoa wake wengi, mimi au wewe?"

Mwaka 1983, kanga zilipokuwa hazionekani madukani na walanguzi wakisakwa, kuna mtu alikwenda kusema kwamba Paskalia ameficha mali. Msako ulikwenda moja kwa moja chini ya meza. Haukugusa hata gunia la mchele lililokuwa mlangoni. Paskalia akachukuliwa pamoja na sanduku.

"Kanga hizi za nani?" mkuu wa msako alimuuliza.

"Za wenyewe."

"Wenyewe kina nani?"

"Watakuja kuzichukua wakifa."

Alilala ndani. Asubuhi wanawake walijaa uani pale kituoni, kila mmoja na kanga yake, wakazilaza chini mkato kwa mkato na zile za sandukuni. Siri yao ilikwisha pale pale, na waume wawili walikuwa wakitazama. Mkuu wa msako alikuwa bado anabisha hadi mama mkwe wake alipoingia na kanga yake mkononi. Akageuza uso kwa adabu, akatafuta mlango wa nyuma. Paskalia akarudi nyumbani.

Kanga moja tu, nyekundu yenye maua ya pamba, haikupata mwenzake. Mwenyewe alikuwa hai, kwa kuwa aliyekufa kanga yake haibaki sandukuni. Na ukimtoa Donatus, aliyejua sanduku linakaa wapi ni mwanachama tu. Hesabu hiyo kila mtu aliifanya. Wengine walitaka kanga ichomwe. Mimi mdogo wake nilimwomba anitajie herufi ya kwanza tu. Akacheka. "Stanslaus, wewe kila kitu unataka kwa bei ya jana."

Mwezi Februari 1986 alianza kuvimba miguu, na madaktari wakasema ni moyo. Wenzake walimzunguka kitandani wakamwuliza tena jina. Alisema, "Tulianza kwa sababu ya mtu tusiyemjua. Huyu namjua. Nimnyime?" Alifariki tarehe 9 Juni 1986, alfajiri. Jana kanga zake mbili zilishonwa pamoja, ndizo mnazoziona juu ya jeneza.

Ameacha watoto wawili, Justa na Pantaleo, wajukuu, mimi mdogo wake, na dada zake wa Doti Moja.

Ameacha pia kanga nyekundu yenye maua ya pamba. Mwenye nusu yake, kama umesimama nasi hapa, na nadhani umesimama: sanduku sasa liko kwa Justa. Hutaulizwa kitu. Siku yako ikifika, utaoshwa na utafunikwa kama wengine. Hilo ni agizo la marehemu. Lingekuwa langu, lingekuwa na masharti.

Lala kwa amani, dada. Mkato wako umekubali.