Simu Iliyobaki Langoni

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Hakikisha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980. Mwalimu wake wa hesabu alilalamika kwamba mtoto huyu hanakili jibu la ubaoni mpaka alikokotoe upya mwenyewe.

Mwaka 1989 aliajiriwa katika kiwanda cha kusaga mawe, akawa mwendesha kinu. Alimwoa mama yetu tarehe 5 Septemba 1992. Kabla ya kupigwa picha, alimtaka mpiga picha afungue kamera aone kama ina filamu. Shangazi zetu waliona aibu. Kamera ikafunguliwa, na filamu haikuwamo.

Mwaka 2021 walikuja watafiti. Kila mfanyakazi alipewa simu ya kubeba kutwa, ili kwa kujua alipopita wakadirie hewa chafu aliyovuta. Lakini kiwandani simu haziingii kwenye vinu. Huachwa langoni, ndani ya droo ya mlinzi, upande wa bustani. Watafiti hawakuijua sheria hiyo. Msimamizi, aliyeiandika kwa mkono wake, hakuwaambia. Baba alidhani wanajua. Ni jambo pekee ambalo hakuhakikisha, na linatuuma.

Alianza kukohoa mwaka 2022. Alipopeleka cheti cha daktari, msimamizi alimwonyesha ripoti.

"Mzee, simu yako inasema umevuta hewa safi kuliko hata mimi. Au ni sigara?"

"Sijavuta hata moja," baba akajibu. "Muulize mlinzi hiyo simu ilikuwa inashinda wapi."

Wiki hiyohiyo mlinzi akahamishwa. Tuliambiwa ni utaratibu wa kawaida. Haya.

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Juni 2024, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono. Kiwanda kimeleta shada la maua kubwa kuliko yote mnayoyaona hapa. Tumelipokea, ila mama ameisoma kadi yake mara tatu. Msimamizi yuko nasi, safu ya pili. Karibu, ndugu.

Juzi yule mlinzi alikuja kutupa pole, akatuachia daftari lake la langoni. Kila asubuhi, simu imeingia drooni, na pembeni ipo sahihi ya baba.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na simu iliyovuta hewa safi kwa niaba yake.

Mola amlaze pasipo vumbi. Kuhakikisha sasa ni kazi yetu.