Salamu ya Mwaka Jana: Risala ya Kikundi cha Nimeamka kwa Mkuu wa Mtandao

Mgeni rasmi, mkuu wa mtandao tunamosalimiana kila siku, karibu. Tumeona umepanda ngazi zote nne bila kunung'unika, tena ukimbebea mwenzetu kikapu. Ahsante, mwanetu. Tuliyokuitia ni mazito, lakini wema hauozi.

TULIKOTOKA

Sisi ni bibi kumi na tisa, kila mmoja anaishi peke yake. Miaka sita iliyopita mwenzetu alifariki, akakaa siku tatu ndani pasipo mtu kujua. Tukaapa haitatokea tena. Wajukuu wakatufungulia ukurasa kwenye mtandao wako. Kila asubuhi kila mmoja huandika, "Nimeamka." Asiyeandika hadi saa tatu, tunakwenda kumgongea mlango.

MAFANIKIO

Tumegonga milango kumi na mmoja. Tisa walikuwa wamepitiwa na usingizi tu, wakatufokea: "Kwani mnataka kunizika kwa nguvu?" Wawili tuliwakuta wanaumwa, wakapona.

YALIYOTUFIKA

Mwezi uliopita, Jumatano asubuhi, tulikuta salamu ya Mama Vifungo, fundi cherehani wetu, juu kabisa ya ukurasa: "Nimeamka, wenzangu. Mgongo mbovu, ulimi mzima." Tukacheka. Mmoja akamjibu, "Wewe utazikwa leo, shoga, ulimi huo kesho yake!" Wengine tukadakia. Hatukwenda kugonga.

Mgeni rasmi, salamu ile ilikuwa ya mwaka jana. Tarehe yake iliandikwa kwa herufi ndogo za kijivu, macho yetu hayakuiona. Mtandao wako uliirudisha juu kwa sababu iliwahi kuchekesha wengi, na chini yake ukapachika tangazo la viatu. Kila tulipojibu, ikazidi kukaa juu. Alhamisi ikawa vilevile.

Mama Vifungo alikuwa sakafuni jikoni tangu Jumanne alasiri, nyonga imevunjika. Jirani alimkuta Alhamisi mchana. Hospitalini alitwambia, "Simu ilikuwa mezani, siifikii. Nikawa naisikia inalia, inalia. Nikasema, alhamdulillahi, wenzangu wananitafuta."

Yalikuwa majibu yetu ya utani.

 

OMBI

Tunaomba salamu zipangwe kwa siku na saa, ya leo iwe juu. Ofisi yako ilitujibu, kwa upole kabisa, kwamba zikipangwa hivyo watu hutazama mara moja wakaondoka, na matangazo hayaonekani. Ni kweli, mwanetu. Tukiona wote tumeamka, tunaweka simu chini tunaendelea na kazi zetu. Ndicho tulichokifuata kwenu.

Mama Vifungo anarudi nyumbani Jumatatu. Amekataa kuhamia kwa binti yake, anasema anatuamini. Jumanne asubuhi ama ataandika, ama hataandika. Tunaomba tujue.

Mungu akupe siku nyingi, na kila asubuhi usikose mtu wa kukuulizia.

Ni sisi wazee wako,
Kikundi cha Nimeamka