Dakta Krahwinkel Asahihisha Taazia Yake

Ndani ya tramu ya Bonn, mjane Walburga alikuwa akisali rozari kimya kimya, ila masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Hapo Dakta Krahwinkel, mchumi aliyeandikia gazeti miaka arobaini, alikuwa akigombana na mhariri wa kike juu ya taazia yake mwenyewe, ambayo gazeti lilikuwa limeiandaa mapema, kama magazeti yafanyavyo.

"Futa hapa, binti. Eti 'aliahidi kuwa serikali haitahama Bonn kwenda Berlin.'"

"Lakini uliahidi, Dakta. Tena ukurasa wa kwanza."

"Yaani mnizike na kosa langu?"

"Hata hujafa bado."

"Ndiyo maana nasahihisha sasa! Nani anaikumbuka makala ile? Walioisoma wote wako makaburini."

Walburga aliona kunyamaza ni dhambi. Akabana punje ya rozari kwa kidole asipotee, akainama mbele.

"Mimi nipo, Dakta. Marehemu mume wangu aliisoma, akafungua duka la mikate mbele ya wizara. Tanuri halijazoea moto, wizara ikahama."

Dakta akageuka, uso umemwiva. "Na mikate ilikuwa mizuri, mama?"

"Mizuri sana. Tuliila wenyewe."

Mhariri akatoa kalamu.

"Usithubutu kuongeza ya mikate!" Dakta akafoka, na tramu ikasimama.