Erasmo Hasaini

Kosta ilikuwa inateremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay niliposikia mama wa kiti cha mbele akimweleza jirani yake kuwa yeye ni Herieth, fundi umeme wa magari. Anakwenda kurekebisha kamera inayomtazama dereva kwenye lori la makaa ya mawe. "Kila dakika inapiga kelele kwamba dereva amelala."

"Dereva mwenyewe ni mimi, Erasmo," jirani akajibu. "Wamenisimamisha. Wanataka nisaini barua kwamba nilisinzia. Sisaini!"

Abiria wengine tulifumba macho ili tusikie vizuri.

Herieth akamchunguza usoni. "Kaka, kope ya jicho lako la kushoto imelegea."

"Nimezaliwa hivyo, dada. Na kamera ilikaa mwaka mzima bila kulalamika. Imeanza walipobadilisha kioo cha mbele."

"Basi waliirudisha vibaya, inakutazama kutoka pembeni, upande wa hilo jicho. Nitaigeuza na kuipima upya, nusu saa tu. Wewe saini, urudi kazini."

"Ukishairekebisha, andika kwamba ilikuwa mbovu."

"Nimeitwa kutengeneza, sikuitwa kuandika."

"Basi usiiguse. Miaka kumi na tisa naendesha milima hii, halafu niitwe msinziaji kwa karatasi niliyoisaini mwenyewe?"

Tuliposimama stendi, Herieth aliinama kuchukua sanduku lake la vifaa. Erasmo alikuwa ameshalibeba.

"Nakupeleka kwenye lori," alisema, akishuka. "Lakini utaanza na kalamu."