Mzuka Mwenye Nyumba

Ndani ya treni ya kwenda Irving, mji wa ugenini, Perpétue alikaa nyuma ya watu wawili waliokuwa hawajuani mpaka Kiswahili kilipowakutanisha. Mmoja alikuwa nesi Mkenya aliyetoka kazini, wa pili mzee Mrundi mwenye fulana ya kazi ya ghalani. Wote walikuwa wameiona filamu moja ya nyumba yenye mzuka, na nesi alikuwa na hasira nayo kana kwamba imemdhulumu.

"Mzuka gani huyo, mzee, anavaa raba? Na uzi wa kuvuta mlango tumeuona sote. Halafu watu wanaitwa na sauti gizani, wanaitika mara ya kwanza! Kwetu huitiki hivyo. Mimi ninge-move siku hiyo hiyo."

"Raba sikuziona," mzee alisema polepole. "Mimi nilimwonea huruma. Nyumba aliijenga yeye, akakuta wageni wamelala chumbani kwake, na hao ndio wanaomwitia padri amfukuze."

"Lakini amekufa!"

"Amekufa, ndiyo. Sasa nyumba si yake?"

Manesi hubishana na kifo kila siku, ila si juu ya nyumba. Treni ikasimama, wakaagana, kila mtu akashika njia yake.

Perpétue naye alipaswa kushuka hapo, lakini alibaki kitini. Kule Burundi, katika nyumba aliyoikimbia maharage yakiwa bado motoni, kuna familia inaishi leo. Alijiuliza kama huwa wanasikia hatua zake.