Barua Iliyomzika Mama Yangu

Bwana asifiwe, kuanzia kwaya mpaka kwa wale waliosimama mlangoni. Mimi ni Wanjiru, kifungua mimba wa Mama Wanjiru anayelima viazi pale juu. Nimeokoka, nampenda Yesu, na leo nimekuja na aibu yangu mkononi.

Ndugu zangu, nilimaliza diploma ya kilimo Nakuru nikakaa nyumbani mwaka mzima nikituma maombi ya kazi. Hakuna aliyejibu, hata wa kunikataa. Wenzangu wa chuo wakaniambia siku hizi hakuna anayejiandikia, unaiachia AI na inakutolea Kiingereza cha ofisini. Nikaingia mzima mzima. CV, barua ya maombi, kila kitu. Nilikuwa nanakili na kutuma bila kuangalia.

Basi kampuni moja ya mbegu za viazi, ofisi yao iko Milimani kule Nakuru, ikatangaza nafasi. Walitaka pia barua ya mchungaji ya kunidhamini. Hapa sote tunajua inavyokwenda. Pasta ana shughuli nyingi, anakuambia, "Andika mwenyewe, mimi nitapiga muhuri." Nami sikuandika. Niliiambia AI iandike kama pasta, na kwa kidole changu mwenyewe nikaongeza: weka kitu cha kugusa moyo. Ikatoa kurasa mbili. Nikasoma ule wa kwanza, nikaona nimesifiwa vizuri, nikaridhika. Pasta akapiga muhuri hapo nje huku akiongea na simu. Hakusoma. Pasta, nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikaitwa intaviu. Mezani walikuwa watatu, na wa katikati alikuwa mama mmoja wa miwani, mpole. Akaniambia, "Wanjiru, pole sana. Kulea wadogo zako tangu mama yenu afariki si jambo dogo."

Ndugu zangu! Mama yupi? Akanigeuzia barua. Ukurasa wa pili, juu kidogo ya muhuri wa kanisa letu, imeandikwa kwamba msichana huyu amelea wadogo zake tangu kifo cha mama yao. Nilisoma mara tatu. Mama yangu asubuhi hiyo alikuwa amenipikia uji.

Kabla sijapata neno, yule mama akasema wao huwa wanampigia mchungaji, ni utaratibu tu. Akaweka simu kwenye spika. Pasta akapokea, akaulizwa kuhusu msiba wa familia yetu. Kimya. Nilijua kinachomsumbua. Akisema kweli ananimaliza, akinifunika anakuwa mwongo. Na mimi nilitaka anifunike. Siwafichi, nilikuwa naomba moyoni, Bwana, pasta aseme ndiyo.

Sasa siku hiyo kina mama walikuwa hapa kanisani wakimenya viazi vya chakula cha kongamano. Nikasikia kwenye simu sauti nyuma ya pasta, na ilikuwa ya mama yangu. "Pasta, nani amekufa?"

Kwetu hata kwa mzaha humwiti mzazi aliye hai marehemu, na mimi nilikuwa nimepeleka kifo chake kwa watu wa kazi ili wanihurumie. Nikasimama nikasema, "Pasta, usijibu. Ni mimi. Mama yuko hai. Barua sikuisoma yote." Nikalia mbele ya wale watu wazima bila hata leso. Lakini wapendwa, hapo ndipo Bwana alinifungua. Uongo ulinitoka nikausikia ukitoka.

Kazi sikupewa. Yule mama alinirudishia barua akasema, "Siku ukiwa na iliyo yako, ilete."

Nilifika nyumbani miguu haitaki. Mama alikuwa jikoni. Nilingoja anifokee. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akasema, "Leta hiyo simu. Iambie huyu aliye hai alikufundisha nini." Akaanza kunikumbusha: tangu darasa la sita nachagua naye viazi vya mbegu, na jani likianza kuoza naliona kabla ugonjwa haujamaliza shamba. Nikaiambia AI, panga haya yawe barua, usiongeze hata neno moja. Halafu nikamsomea mama kwa sauti. Alipotikisa kichwa kukataa, nilifuta.

Niliipeleka Milimani kwa mkono. Nafasi ilikuwa imeshajazwa. Nilingoja, nikalima, nikaomba. Msimu uliofuata wakanipigia, na sasa nakagua mbegu kwenye mashamba ya hapa hapa Mau Narok.

Vijana wa chuo, sisemi mtupe hiyo AI. Jumamosi njooni tuitumie pamoja, wengine mmeshaanza kuja. Lakini utasoma mpaka mstari wa mwisho, mbele ya mtu wa nyumbani kwenu, na pasta hapigi muhuri kabla hajasikia. Mwamini Mungu kwamba maisha aliyokupa yanatosha, hayahitaji kuongezewa msiba. Namshukuru Bwana aliyenitoa kwenye uongo ule, namshukuru pasta aliyenyamaza.

Mama, simama kidogo wakuone.