Hewa Imeharibikia kwa Nani?

Nje ya lango la kituo cha kufua umeme kuna benchi la mbao, na muuza kahawa wa pale hajawahi kuliona tupu. Jioni ile walilikalia mafundi watatu wa mtambo wa gesi. Pangaboi anatunza mapanga ya mbele yanayovuta hewa na kuishindilia ndani. Jiko anatunza chumba ambamo hewa hiyo huchomwa pamoja na gesi. Mama Gurudumu anatunza magurudumu ya nyuma yanayozungushwa na upepo wa moto. Asubuhi mtambo ulikuwa umeunganishwa upya, ukawashwa, ukakohoa, ukatetemeka mpaka madirisha ya ofisi yakalia. Bosi akasema kesho anataka jina la mwenye kosa, na huyo atahamia stoo. Pangaboi aliiogopa stoo kuliko jino bovu, na akiogopa huongea kwa sauti.

PANGABOI: Kipande changu nimekijaribu peke yake. Kizima kama kigongo!

JIKO: Hata changu. Moto ulisimama wima, mzuri, ungeupiga picha.

MAMA GURUDUMU: Basi mbona magurudumu yangu yameungua upande mmoja? Jiko, ulikuwa unapika au unababua?

JIKO: Dada, hewa inanijia imelewa! Muulize aliyeileta.

PANGABOI: Hewa yangu? Inatoka imenyooka, ina adabu zake!

JIKO: Labda kuna mtu aliacha mlango wa karakana wazi.

MAMA GURUDUMU: Mlango! Ni hewa ya wiki hii. Imenyeshewa, imechoka, haitaki kazi.

PANGABOI: Nyote hamjui kitu. Mtambo una wivu. Tangu wauletee jirani mpya mwenye rangi ya kung'aa, umenuna.

Muuza kahawa alicheka mpaka akamwaga kahawa. Hata Pangaboi alicheka. Pembeni dereva mpya wa kituo, siku yake ya kwanza kazini, alikuwa akipuliza kikombe.

DEREVA: Samahanini wakubwa. Hewa ikitoka kwa kaka huyu inaingia kwa huyu?

JIKO: Moja kwa moja.

DEREVA: Kisha kwa mama?

MAMA GURUDUMU: Ikiwa ya moto, ndiyo.

DEREVA: Sasa mlipojaribu kila mtu peke yake, hewa mliitoa wapi?

Kila mmoja alijua jibu lake: kwenye kipulizio cha karakana, hewa laini isiyopita kwa mwenzake. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Pangaboi aliwatazama watu aliokunywa nao kahawa miaka yote hiyo, akaona aibu, kisha akaona raha: kosa halikuwa la mtu mmoja.

PANGABOI: Jiko, hewa yangu ikifika kwako huwa inakuwaje?

JIKO: Inazunguka, ndugu yangu. Nilidhani unajua.

PANGABOI: Sikujua. Hukuniambia.

MAMA GURUDUMU: Na kesho bosi akitaka jina?

PANGABOI: Tumpe matatu. Stoo yenyewe haina viti vya kututosha.

Wakainuka, wakarudi karakana wakibishana wote kwa pamoja.